Mzazi na Mtihani wa Taifa wa Shule ya Msingi Nchini Kenya: Historia ya Lugha ya Matokeo, kwa Mfano wa Kiritiri

1. Utangulizi

Historia ya mitihani katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa upande wa serikali iliyotunga, mwalimu aliyefundisha na mwanafunzi aliyetahiniwa. Mzazi, ambaye ndiye aliyelipa karo na ndiye aliyeletewa matokeo nyumbani, hutajwa kwa nadra, na anapotajwa huambiwa kwamba haelewi. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa upande wake wa lugha. Swali linaloulizwa ni hili: tangu Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 hadi matokeo ya mwaka 2025, mzazi wa Kenya aliambiwa nini juu ya mtihani wa mtoto wake, na aliambiwa kwa lugha gani?

Mfano uliochaguliwa ni Kiritiri, mji wa biashara katika Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu. Ni upande wa chini na mkavu wa nchi ya Embu, unaoteremka kuelekea mto Tana na mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Wakazi wake hulima mtama, mawele, kunde, pojo na muguka, na hufuga mbuzi na nyuki. Nyumbani husemwa Kimbeere, lugha iliyo karibu na Kiembu na Kikuyu. Kiswahili husikika sokoni, barazani na katika redio. Kiingereza ni cha shule na ofisi. Mahali kama hapa, karatasi ya matokeo huvuka mipaka miwili ya lugha kabla ya kumfikia yule inayemhusu.

Hoja ya makala ni kwamba mzazi hakukosa akili ya kuuelewa mtihani. Aliusoma sawasawa kwa kadiri ya alichopewa, na alichopewa, kwa miaka mingi, kilikuwa hukumu bila maelezo. Ili kuipima hoja hiyo, kila mtihani utaulizwa maswali matatu: Ulipima nini? Mtoto alilinganishwa na nani? Matokeo yalitumiwa kwa kazi gani?

2. Maneno yenyewe

Kabla ya kufuata miaka, yafaa kuyatazama maneno. Neno "mtihani" limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili limebaki na maana mbili: jaribio la maarifa, na msiba au taabu ambayo mja hujaribiwa nayo na Mungu. Maana hizi mbili hazikuachana kabisa. Mzazi asemaye kwamba mwaka wa mtihani umefika husema pia, bila kukusudia, kwamba mwaka wa taabu umefika.

Maneno ya matokeo yanafundisha zaidi. Vitabu hutumia "kufaulu" na "kufuzu", lakini usemi wa kawaida wa bara la Kenya ni "kupita" na "kuanguka". Mwenye kupita amepita penye mlango au kizuizi. Mwenye kuanguka alikuwa amepanda, akashindwa kushika. Neno la tatu ni "kuitwa". Husemwa kwamba mtoto "ameitwa" katika shule fulani ya sekondari, kwa sababu shule ilimpelekea barua ya kumwita. Katika maneno haya matatu hakuna hata moja linalotaja maarifa. Yote yanataja mlango: aliyeupita, aliyeanguka mbele yake, na aliyeitwa kutoka ndani. Ndiyo maana inafaa kuuliza kama wasemaji walikosea, au kama walikuwa wamekiona kitu kama kilivyokuwa.

3. Mchujo wa wakati wa ukoloni

Kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher ilitoa ripoti yake mwaka 1949. Kwa mujibu wa mpango wake, elimu ya Mwafrika iligawanywa katika vipande vya miaka minne minne: shule ya msingi, shule ya kati, na sekondari. Mwisho wa mwaka wa nne mtoto alifanya mtihani wa ushindani wa kuingilia shule ya kati. Mwisho wa mwaka wa nane alifanya mtihani uliojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, KAPE. Katika kila kizuizi nafasi zilizokuwa mbele zilikuwa chache kuliko watoto waliofika.

Majibu ya maswali matatu hapa ni mepesi. Mtoto alilinganishwa na wenzake, si na kiwango cha maarifa kilichowekwa. Matokeo yalitumiwa kuchuja. Kilichopimwa hakikuwa na uzito mkubwa kwa mzazi, maana hata kama watoto wote wangejua somo lote, nafasi zisingeongezeka. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja aliweza kurudishwa nyumbani moja kwa moja. Kwa hiyo mzazi aliyeuliza tu kama mtoto amepita hakuwa ameacha kuuliza jambo la maana. Aliuliza lile moja lililokuwa na jibu.

Uchungu wa mchujo huo uliongezeka katika Wilaya ya Embu kwa sababu ya siasa. Shule za kujitegemea, zilizokuwa zimeanzishwa na Waafrika nje ya misheni baada ya mgogoro wa 1929, zilifungwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mlango mmoja ulipofungwa, ule uliobaki ulizidi kuwa mwembamba.

4. CPE na pointi 36

Baada ya Uhuru wa 1963 na Tume ya Ominde iliyoteuliwa mwaka huo, elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya miaka saba, na mtihani wa darasa la nne ukawa umeondoka. Katikati ya miaka ya 1960 mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulipewa jina la CPE, yaani Cheti cha Elimu ya Msingi. Jina lilibadilika kutoka "mtihani wa awali" hadi "cheti", kana kwamba sasa kazi yake ilikuwa kushuhudia elimu iliyopatikana. Kazi yenyewe haikubadilika. CPE ndiyo iliyoamua ni nani angeingia sekondari ya serikali, nani angejaribu shule ya harambee, na nani angebaki nyumbani au kurudia darasa.

Karatasi zilikuwa tatu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya jumla iliyokusanya historia, jiografia na sayansi. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu moja katika majibu kadhaa, kwa kuwa idadi ya watahiniwa ilikuwa kubwa mno kwa kusahihishwa kwa njia nyingine. Daraja za karatasi tatu zilijumlishwa, na jumla ya juu kabisa ilikuwa pointi 36. Kiswahili hakikuwamo. Kimbeere hakikuwamo, na hakikuingia baadaye.

Mbeere ya wakati huo ilikuwa tarafa ya Wilaya ya Embu, ikiandikwa "Mbere" katika hati za serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilichaguliwa kuwa mojawapo ya sehemu sita za majaribio ya Mpango Maalumu wa Maendeleo ya Vijijini, na wataalamu kama David Brokensha na Jack Glazier wakaichunguza ardhi yake na utawala wake. Ardhi ya koo ilikuwa ikipimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu. Katika nchi yenye mvua ya kubahatisha, mtoto mmoja aliyepata kazi ya mshahara aliweza kuwa akiba ya jamaa nzima pindi mavuno yalipokauka. Kwa hiyo pointi 36 hazikuwa fahari tu. Zilikuwa kinga dhidi ya ukame.

Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, na shule zikafurika. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka huo walifika la saba mwaka 1980, na ni mwaka huo pia Baraza la Taifa la Mitihani la Kenya lilipoundwa kwa sheria ya Bunge. Umati ulikuwa umefika mlangoni, na mlango ukapewa bawabu wake rasmi.

5. Habari za aina mbili

Jambo lenye kufundisha zaidi katika historia ya CPE ni marekebisho yaliyofanywa katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa ulitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, na miongoni mwa mambo uliyoyalaumu ni mtihani huu, kwa kuwa ulielekeza mafundisho yote kwa wale wachache waliokuwa wakienda sekondari. Mtafiti H. C. A. Somerset alionyesha kwamba maswali mengi yalidai kukumbuka tu, na kwamba baadhi yake yalimpendelea mtoto wa mjini au wa nyumba yenye Kiingereza na vitabu. Baadaye alishiriki katika kuyarekebisha maswali hayo ndani ya Wizara ya Elimu, ili yadai kufikiri na yatumie mambo ya maisha ya kawaida.

Tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa mfano wa kubuni. Swali linalomtaka mtoto ataje jina la kitaalamu la sehemu ya mbegu hupima kama aliwahi kukiona kitabu. Swali linalomweleza kwamba mkulima alipanda pojo katika udongo mkavu, mvua ikanyesha kidogo kisha ikakatika, na kumtaka aeleze kwa nini mbegu zilichipua zikafa, hupima kama anaweza kuunganisha sababu na tokeo. Mtoto wa Kiritiri hashindwi na swali la pili kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Yamkini hata analo la kusema kuliko mtoto wa mjini.

Pamoja na kubadili maswali, wahusika walianza kupeleka habari shuleni kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha zilizopanga wilaya na shule kwa ubora wa matokeo, ili kuwatia watu hamasa. Ya pili ilikuwa jarida lililoeleza maswali yaliyowashinda watahiniwa, makosa waliyoyafanya, na namna mwalimu angeweza kuyarekebisha mafundisho. Habari za kwanza zilisema nani yuko mbele. Za pili zilisema kwa nini wengine wako nyuma.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapopata ushahidi wake mkubwa. Jarida la maelezo liliandikwa kwa Kiingereza na kuelekezwa kwa walimu. Orodha ilienea kila mahali, kwa kuwa namba haihitaji mfasiri. Hivyo habari zenye kueleza zilikoma katika ofisi ya mwalimu mkuu, na habari zenye kupanga zikafika nyumbani. Mzazi alijua shule ya mtoto wake ilikuwa ya ngapi, wala hakujua kwamba kulikuwako karatasi iliyoeleza jinsi watoto walivyokosea hesabu za sehemu. Swali "amekuwa namba ngapi?", ambalo walimu wengi hulilaumu kwa wazazi, lilifundishwa na mfumo wenyewe.

6. KCPE: Kiswahili chaingia, alama zaongezeka

Mwaka 1981 Tume ya Mackay, iliyoteuliwa kuchunguza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili, ilipendekeza mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, na ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa. Mfumo huo ulianza mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya ukame mkali wa 1984, na mtihani wa kwanza wa KCPE ukafanywa mwaka huohuo.

Kuingia kwa Kiswahili hutajwa aghalabu kama ushindi wa lugha ya taifa, na ndivyo kulivyokuwa. Lakini kwa mzazi kulikuwa na maana nyingine isiyosemwa. Kwa mara ya kwanza kulikuwako karatasi ambayo mzazi asiyejua Kiingereza aliweza kuihukumu mwenyewe. Insha ya Kiswahili ya mtoto iliweza kusomwa kwa sauti jioni, na baba au mama akasema, "Hapa umekosea." Katika masomo mengine yote aliweza kutazama alama nyekundu tu. Katika hili aliweza kutazama kazi.

Lakini karatasi ya matokeo haikuandikwa kwa Kiswahili, na namba zake zilikuwa na siri. Mwanzoni jumla ilikuwa alama 700. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yalipunguzwa hadi matano, na jumla ikawa 500. Mzazi aliyeona 52 katika Hisabati alidhani, kwa haki, kwamba mtoto alijibu nusu ya maswali na kidogo zaidi. Sivyo ilivyokuwa lazima. Alama ghafi zilisawazishwa ili wastani wa nchi katika kila somo uwe 50. Mwenye 52 alikuwa amesimama juu kidogo ya mtahiniwa wa katikati, hata kama maswali aliyoyapata yalikuwa machache au mengi zaidi ya nusu.

Usawazishaji si udanganyifu. Bila huo, somo lenye maswali mepesi lingelimeza somo lenye maswali magumu katika jumla. Lakini una matokeo mawili ambayo mzazi alistahili kuelezwa. La kwanza: wastani wa nchi ulikaa karibu na 250 mwaka hata mwaka, kwa sababu ulifanywa ukae hapo, kwa hiyo hapana mzazi aliyeweza kujua, kwa kutazama alama hizo, kama watoto wa Kenya walikuwa wakijifunza zaidi au kidogo kuliko zamani. La pili: shule moja haikuweza kupanda ila nyingine ishuke. Wazazi wa shule fulani waliogombana na walimu kwa sababu wastani wa shule ulipungua kwa alama chache huenda waligombania jambo ambalo halikutokea darasani mwao. Huenda wengine walipanda tu.

Katika Mbeere, iliyofanywa wilaya mwaka 1996, elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliongeza tena wanafunzi, na baadaye matokeo yakaanza kupatikana kwa ujumbe wa simu. Njia ilikuwa mpya, ujumbe ulikuwa wa kale: vifupisho vya masomo kwa Kiingereza, namba tano, na jumla. Mwaka 2014 kutangazwa kwa orodha za kupanga shule na watahiniwa kulikomeshwa, na tangu 2018 serikali ilishika sera ya kumpeleka sekondari kila aliyefanya mtihani. Kwa sera hiyo neno "kuanguka" lilipoteza maana yake ya kisheria, ingawa halikupotea midomoni. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023 na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4.

7. Kutoka mtihani hadi tathmini

Mtaala wa umilisi ulileta KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwezi Novemba 2022 katika Gredi ya 6. Kwa Kiswahili haikuitwa mtihani bali tathmini. Neno hili nalo ni la asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa "thamani": kutathmini ni kukadiria thamani ya kitu. Mabadiliko haya ya jina, tofauti na yale ya miaka ya 1960, yaliambatana na mabadiliko ya kazi. KPSEA haikuamua nani aendelee. Watoto wote walivuka kwenda Gredi ya 7, ambayo iliwekwa katika shule zilezile za msingi. Wala mtoto hakulinganishwa kwanza na wenzake, bali na yale yaliyotazamiwa na mtaala.

Matokeo hutolewa kwa viwango vinne. Katika maandishi ya mtaala viwango hivyo aghalabu huitwa "kuzidisha matarajio", "kufikia matarajio", "kukaribia matarajio" na "mbali na matarajio". Mwanaisimu hana budi kusimama hapa. "Kuzidisha" ni kitenzi cha kusababisha. Mwenye kuzidisha matarajio, kwa maana ya maneno, ameyafanya matarajio yenyewe kuwa makubwa zaidi. Aliyekusudiwa ni mwenye kuyazidi. Kwa upande mwingine, "mbali" ni chaguo la hekima, kwa kuwa hutoa picha ya njia: aliye mbali bado yu njiani, wala hakuanguka.

Tatizo kubwa liko katika "matarajio". Ni ya nani? Kwa mtunga mtaala ni orodha ya stadi zilizoandikwa, kama vile kusoma kifungu na kueleza wazo lake kuu. Kwa mzazi wa Kiritiri aliyeuza mbuzi alipie kitabu, matarajio ni kazi, nyumba na kupumzika uzeeni. Akiambiwa kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili yuko mbali na matarajio, aweza kusikia hukumu ya maisha, mahali palipokusudiwa kusemwa tu kwamba mtoto asaidiwe kusoma. Neno "viwango vya somo" au "yaliyofundishwa" lingemwelekeza sawasawa zaidi.

Mwaka 2025 watoto wa kwanza wa mtaala huu walifanya KJSEA katika Gredi ya 9. Jumla yake huchukua asilimia 60 kutoka mtihani huo, asilimia 20 kutoka KPSEA, na asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni. Viwango vimekuwa vinane, kila kimoja na pointi zake, na kwa masomo tisa jumla ya juu ni pointi 72, mara mbili kamili ya zile 36 za CPE. Yafuata kwamba KPSEA, ambayo mzazi aliambiwa haichuji, hubeba sehemu yake katika hesabu inayosaidia kumpangia mtoto shule ya sekondari ya juu miaka mitatu baadaye. Mzazi aliyeuliza "amepata ngapi?" baada ya Gredi ya 6 na kuambiwa kwamba swali hilo ni la kizamani alikuwa, kwa sehemu, ameuliza swali la haki.

8. Hitimisho

Katika muda wa miaka sabini na zaidi mtihani wa shule ya msingi umebadilishwa jina, idadi ya karatasi, jumla ya alama na kazi. Jambo ambalo halikubadilika ni mgawanyo wa habari: maelezo kwa mwalimu, namba kwa mzazi. Maneno "kupita", "kuanguka" na "kuitwa" hayakuwa ushahidi wa ujinga. Yalikuwa tafsiri sahihi ya mitihani iliyokuwa milango. Hayawezi kuondolewa kwa kumkataza mzazi kuyatumia, bali kwa kumpa maneno mengine yaliyo ya kweli kama hayo.

Kazi hiyo ni ya wizara na baraza la mitihani, lakini ni ya wanalugha pia. Karatasi ya matokeo ya mtoto yapasa iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, na iyajibu maswali matatu kwa sentensi tatu: mtoto huyu alipimwa katika nini, amelinganishwa na nani au na kiwango gani, na matokeo haya yatatumiwa wapi. Namba iwekwe, wala isifichwe, ikiwa itahesabiwa baadaye. Na mahali kama Kiritiri, ambapo Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, mwalimu awe na maelezo hayo ya kuyasema kwa Kimbeere katika mkutano wa wazazi.

Idara za Kiswahili zimetumia jitihada kubwa kuunda istilahi za fizikia na sheria. Istilahi ambazo mama husoma penye jina la mwanawe, ndani ya nyumba yake, zinastahili jitihada isiyopungua hiyo.